Benki Ikikawia Kujibu: Yaliyotufika Bisil na Tuliyojifunza

(Maneno haya yalisemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Bisil. Tumeyafupisha kidogo ili yaingie katika kurasa hizi. Msomeeni yeyote katika kikundi ambaye hasomi.)

Tunajua wengine wenu mmewaachia watoto mifugo na mnataka kurudi kabla ya jua kuwa kali. Kwa hivyo hatutazunguka.

Leo hatukuja kufundisha namna ya kufungua akaunti. Hilo vikundi vingi vya hapa mlilimaliza zamani. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo hakuna mtu hutueleza siku ile ya kufungua akaunti. Pesa zetu zikipotea zikiwa mikononi mwa benki, tumekwenda kulalamika, na benki imenyamaza, tufanye nini?

Tutaanza na kisa cha kikundi kimoja cha hapa hapa kwetu. Wenyewe wameturuhusu tukisimulie, lakini wameomba tusitaje jina lao. Jina la benki pia hatutalitaja, kwa sababu shida hii inaweza kumpata mteja wa benki yoyote.

YALIYOTOKEA

Ni kikundi cha akina mama 22. Wanashona shanga, na wananunua mbuzi wadogo, wanawanenepesha na kuwauza. Mnakumbuka ukame wa mwaka 2021 na 2022 ulivyotumaliza. Akina mama hawa walianza upya na mbuzi sita tu. Mwezi wa Oktoba 2023 walipeleka mbuzi sokoni, wakapata shilingi 42,000.

Pesa hizo hazikulala nyumbani. Jioni ile ile mweka hazina na mwenzake walizipeleka kwa ajenti wa benki, kwenye duka. Ajenti akahesabu, akabonyeza mashine yake, mtandao ukasumbua kidogo, halafu risiti ikatoka. Mama akaikunja risiti, akaifunga kwenye pembe ya leso, akaenda zake. Kila kitu kilikuwa sawa.

Januari 2024 shule zikafunguliwa. Wanachama wakakubaliana kutoa pesa za karo. Wakaenda tawini Kajiado, wakaambiwa akaunti haina pesa za kutosha. Wakaomba stetimenti. Zile 42,000 hazikuwepo. Hazikuwa zimeingia hata siku moja.

Mweka hazina akatoa risiti kwenye leso. Kumbe ile karatasi ya mashine ni ya kufifia! Jasho na joto la miezi mitatu vilikuwa vimeila. Tarehe ilionekana nusu, na kiasi cha pesa kilibaki kama kivuli.

Karani wa kaunta alikuwa kijana mwenye heshima. Akasema, “Hiyo ni shida ya sistimu, mama. Rudini wiki ijayo.” Wakarudi. Akasema, “Tumelipeleka mbele.” Wakarudi mara ya tatu, wakamkuta karani mwingine ambaye hajui habari yoyote. Mara ya nne wakaambiwa, “Mtafuteni huyo ajenti, yeye ndiye aliyepokea pesa zenu.” Wakaenda dukani, wakakuta duka limefungwa na ajenti amehama.

Hiyo ilikuwa miezi miwili na nusu. Safari nne, watu wawili kila safari, nauli ya kwenda na kurudi shilingi 300 kila mtu. Hesabuni wenyewe: ni shilingi 2,400. Na katika safari zote nne hakuna hata herufi moja iliyoandikwa.

PESA SI KITU PEKEE KILICHOPOTEA

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye uchungu.

Benki iliponyamaza, kikundi hakikunyamaza. Maneno yakaanza kisimani. “Risiti gani isiyosomeka?” “Mbona mtoto wake amerudi shuleni mapema?” “Aliyekwenda naye kwa ajenti si ni shemeji yake?” Akina mama waliokaa pamoja miaka saba wakaanza kukaa mbali mbali kanisani. Wanne kati yao, kwa ajili ya karo, wakakopa shilingi 20,000 kwa mkopeshaji wa sokoni, riba shilingi 2,000 kwa mwezi.

Siku moja mweka hazina akafika ofisini kwetu. Hakulia. Alisema tu kwamba ameongea na mume wake, na wamekubaliana wauze mtamba wao mmoja ili walipe zile 42,000, maneno yaishe. Na wengine katika kikundi walikuwa tayari kuzipokea.

Hebu fikirini. Mtu hakuiba. Pesa ziko mahali fulani ndani ya vitabu vya benki. Lakini kwa sababu benki imekawia kujibu, mama huyu yuko karibu kulipa deni lisilo lake, na akilipa atakuwa amekiri wizi mbele ya kijiji kizima.

KOSA LETU SISI

Ni lazima tuseme ukweli. Mara ya kwanza akina mama hawa walipotuletea habari hii, sisi wa ofisi ya maendeleo tuliwaambia wawe na subira. Tulisema subira huvuta heri. Tulifikiri benki ni watu wenye masomo na mitambo, wataona kosa lao na kulirekebisha.

Tulikosea. Subira ni ya mtu aliyepanda mbegu na anangoja mvua. Akina mama hawa walikuwa hawajapanda kitu, kwa sababu lalamiko la mdomo kwenye kaunta halina tarehe wala namba, na halina mtu wa kuulizwa kesho. Tuliwaambia wangoje jibu la barua ambayo haijaandikwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata lalamiko ni mali, nalo linataka daftari.

Kwa hivyo tukamwambia mama: usiuze mtamba. Tupe wiki moja.

KWA NINI BENKI HUKAWIA?

Tulipouliza uliza tukaelewa mambo matatu.

Kwanza, karani wa kaunta hana uwezo wa kukulipa fidia, na mara nyingi haoni hata kumbukumbu za mashine ya ajenti. Hizo ziko makao makuu. Ukimkasirikia unapoteza nguvu zako bure.

Pili, neno la mdomo linabaki kwa yule aliyelisikia. Akihamishwa tawi au akienda likizo, lalamiko lako limekwenda naye.

Tatu, benki haipotezi kitu kwa kukawia. Wewe unalipa nauli na unalipa riba, wao hawalipi. Atakayewafanya wafanye haraka ni yule anayewawekea siku, kisha siku ikifika anapanda ngazi ya juu.

JE, NI KOSA LA AJENTI AU LA BENKI?

Hili “mtafuteni ajenti” limewarudisha watu wengi nyumbani mikono mitupu. Tulijue sawasawa.

Benki za Kenya ziliruhusiwa kutumia maajenti kwa mwongozo wa Benki Kuu wa mwaka 2010. Mwongozo ule unasema wazi kwamba benki ndiyo inayowajibika kwa matendo ya ajenti wake katika kazi ya benki, na pia kwa yale ambayo ajenti ameacha kuyafanya. Hata kama ajenti alifanya jambo ambalo mkataba wake haukumruhusu, maadamu ni jambo la huduma za benki, benki haiwezi kunawa mikono. Tena ajenti amekatazwa kufanya kazi ya mashine mtandao ukiwa umekatika, na amekatazwa kupokea pesa zako ikiwa mashine haiwezi kutoa risiti.

Kwa hivyo ukiambiwa kamtafute ajenti, jibu kwa heshima: “Mimi niliweka pesa benki. Ajenti ni wenu. Mtafuteni ninyi.”

Na juu ya mwongozo huo iko Katiba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro katika huduma. Yaani fidia ni haki. Huendi benki kuomba msaada.

BARUA TULIYOANDIKA

Tulikaa chini ya mti na kamati ya kikundi, tukaandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Kuna aliyeuliza kama benki itaisoma. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi kwa Katiba yetu, kwa hivyo msiogope. Kabla ya kutia saini, barua ilisomwa kwa sauti, ikaelezwa kwa Kimaasai, kila mwanachama akasikia.

Barua yenyewe ilikuwa hivi, tukiondoa majina na namba:

“Kwa Meneja wa Tawi. Kuhusu: Lalamiko na dai la fidia, akaunti namba fulani. Tarehe fulani mwezi wa Oktoba 2023, saa kumi na moja jioni, tuliweka shilingi 42,000 kwa ajenti wenu, Bisil. Tulipewa risiti, nakala tumeiambatisha. Pesa hazikuingia katika akaunti yetu, stetimenti tumeiambatisha. Tumefika tawini mara nne, na tarehe ni hizi. Tunadai: kwanza, shilingi 42,000. Pili, nauli shilingi 2,400. Tatu, riba tuliyolipa kwa mkopo wa karo, miezi mitatu, shilingi 6,000. Jumla ni shilingi 50,400. Nne, tunaomba barua inayoeleza kosa lilitokea wapi, na kwamba mweka hazina wetu hahusiki. Tunaomba jibu la maandishi katika siku 14 tangu leo. Tusipolipata tutapeleka lalamiko hili makao makuu yenu na Benki Kuu ya Kenya.”

Angalieni mambo manne katika barua hii.

1. Haina matusi wala hadithi ndefu. Ina tarehe, mahali, kiasi na ushahidi.

2. Inasema kinachodaiwa kwa hesabu. Usiandike “tunaomba mtusaidie.” Anayesoma asibaki akijiuliza unataka nini.

3. Ina siku ya mwisho, na inasema hatua inayofuata.

4. Inadai kitu ambacho si pesa. Ile barua ya kumsafisha mama jina lake ilikuwa na maana kuliko nauli.

Tulifanya nakala tatu. Moja ya benki, moja ya kikundi, moja ya ofisi yetu. Karani alipoipokea tukaomba agonge muhuri na kuandika tarehe juu ya nakala yetu. Alisita. Tukakaa kwenye benchi tukangoja. Baada ya nusu saa muhuri ukagongwa, na tukapewa namba ya lalamiko. Tangu siku hiyo lalamiko letu lilikuwa na cheti cha kuzaliwa.

BAADA YA BARUA

Msifikiri pesa zilikuja kesho yake. Siku 14 zikaisha kimya. Katibu akapiga simu ya huduma kwa wateja, akataja ile namba. Jibu: linashughulikiwa. Akaandika kwenye daftari siku, saa na jina la aliyepokea simu. Wiki iliyofuata tukatuma barua ya pili makao makuu ya benki, pamoja na nakala ya ile ya kwanza yenye muhuri, na nakala nyingine kwa Benki Kuu ya Kenya, Nairobi.

Tueleweke vizuri: Benki Kuu si mahakama, na kwa kawaida inataka uwe umeanza na benki yako mwenyewe. Lakini Benki Kuu ndiyo inayosimamia mabenki yote, na tangu Januari 2013 ina mwongozo wa kuwalinda wateja ambao unazitaka benki ziwe na utaratibu wa kupokea malalamiko na kuyashughulikia. Benki ikijua msimamizi wake ameona barua, huamka.

Na kama hata hapo ingenyamaza, tulikuwa tumejiandaa kwa ngazi ya tatu, yaani mahakama ya madai madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ya aina hiyo ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja. Sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60 tangu kufunguliwa. Si lazima uwe na wakili, na unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Nendeni kwa makarani wa mahakama Kajiado mkaulize dai lenu litafunguliwa wapi na kwa majina ya nani, kwa sababu kikundi hudai kupitia viongozi wake. Bebeni cheti cha kikundi na kumbukumbu za mkutano ulioamua mwende.

Lakini msilale. Dai la mkataba lina muda wake kisheria, yaani miaka sita. Risiti iliyofifia haitangoja hata huo muda.

Kama pesa zenu ziko katika Sacco, njia ni nyingine kidogo. Anzeni na kamati ya usimamizi ya Sacco yenyewe, kisha afisa wa ushirika wa kaunti, na mwisho kuna Mahakama ya Ushirika. Barua ni ile ile.

WENGINE NAO WAMENGOJA

Mtu mmoja aliuliza: je, benki ikifungwa kabisa? Hilo ni jambo tofauti, na hata barua nzuri haiwezi kulimaliza haraka. Tarehe 13 Oktoba 2015 Benki Kuu iliiweka Imperial Bank chini ya shirika la bima ya amana, lile tunaloliita KDIC. Desemba mwaka huo huo wenye amana wakaruhusiwa kulipwa hadi shilingi milioni moja, na wengi wenye amana ndogo wakamalizana hapo. Wenye amana kubwa wakaendelea kungoja, na Desemba 2021, miaka sita baadaye, benki ile ikaingizwa katika ufilisi. Tangu Julai 2020 kinga ya amana ilipandishwa kutoka shilingi 100,000 hadi 500,000 kwa kila mwekaji katika benki moja. Kikundi kilichoweka zaidi ya kinga hiyo kisiweke yai lote kwenye kiota kimoja.

Na si Kenya peke yake. Kule Uingereza benki ziliwauzia wakopaji bima ambayo wengi hawakuihitaji. Watu wa kawaida, wafanyakazi na wastaafu, wakaandika malalamiko, kila mmoja yake, kwa miaka mingi, mpaka mlango wa kudai ulipofungwa tarehe 29 Agosti 2019. Benki zililipa zaidi ya pauni bilioni 38. Huko kuna kanuni kwamba kwa kawaida benki ina wiki nane kutoa jibu lake la mwisho. Ikipita hapo, mteja anakwenda kwa msuluhishi wa malalamiko ya fedha bila kulipa kitu. Hatuwaambii haya ili tutamani ya wenzetu. Tunawaambia ili mjue kwamba hata huko pesa hazikurudi zenyewe. Zilirudi kwa sababu watu waliandika, na walipochoka waliandika tena.

TUMLINDE MWEKA HAZINA WETU

Wakati barua zinasafiri, kikundi kinaishije? Hapa tuliona kazi kubwa kuliko ile ya benki.

Tuliitisha mkutano wa wanachama wote. Mweka hazina akaeleza mwenyewe, yule mwenzake waliyekwenda naye akaeleza, maswali yakaulizwa mbele yake badala ya kisimani. Kikundi kikaandika azimio: mpaka benki ijibu, hakuna mtu atakayelipa zile pesa, na hakuna mtu atakayeitwa mwizi. Kila mkutano ulianza kwa katibu kusoma hatua iliyofikiwa, hata kama ni kusema “hakuna jibu bado.” Habari ndogo iliyosemwa wazi huua uvumi mkubwa.

Safari za Kajiado nazo zikagawanywa. Kila mara walikwenda wawili wengine, ili wote waonje ile kaunta. Mama mmoja aliyekuwa na maneno makali zaidi alirudi jioni amechoka, akasema, “Kumbe huyu mwenzetu amekuwa akibeba mzigo huu peke yake.” Hakuna mafundisho yetu yaliyofanya kazi kama safari hiyo moja.

MWISHO WA KISA

Julai 2024, miezi sita baada ya kugundua upungufu, benki ilijibu. Ilisema kwamba siku ile mtandao ulikatika wakati risiti imeshatoka, muamala ukabatilika wenyewe, na pesa zikabaki katika floti ya ajenti. Ilirudisha shilingi 42,000 na nauli shilingi 2,400.

Riba ya shilingi 6,000 ilikataliwa. Sababu? Mkopeshaji wa sokoni hakuandika mahali popote, na akina mama nao hawakuandika. Tulikasirika, lakini tukakubali kwamba hapo tulikuwa hatuna la kuonyesha. Hasara isiyo na karatasi ni ngumu kulipwa.

Na ile barua ya kumsafisha mama? Ilikuja katika bahasha hiyo hiyo, mistari mitatu. Ilisema kwamba “hitilafu ya mtambo” ilisababisha pesa kutoingia, na kwamba mwekaji hakuwa na kosa. Neno pole halimo. Lakini ilikuwa na muhuri. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti mkutanoni, ikaelezwa kwa Kimaasai, halafu ikasomwa tena kwa sababu waliochelewa walitaka kuisikia. Mweka hazina alikaa kimya na leso yake mapajani.

Kikundi kilimwomba aendelee na kazi. Alikataa. Yuko katika kikundi mpaka leo, anashona shanga na wenzake na anacheka nao, lakini ufunguo wa sanduku hakuuchukua tena. Mtamba wake hakuuzwa, na sasa ana ndama. Pesa tulizirudisha. Ile imani ya zamani haikurudi yote, na hilo hakuna benki iliyo na fomu ya kulilipa. Ndiyo maana tunawaambia msingoje miezi miwili na nusu kama tulivyongoja sisi.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Ukiweka pesa kwa ajenti, usiondoke kabla ya kusoma risiti na kuona ujumbe wa benki kwenye simu. Mtandao ukisumbua, uliza salio papo hapo.

2. Siku hiyo hiyo au kesho yake, toa fotokopi ya risiti au ipige picha. Risiti ya mashine hufifia.

3. Chukueni stetimenti kila mwezi, isomwe mkutanoni. Kikundi hiki kingegundua mwezi wa Novemba.

4. Lalamiko liwe la maandishi tangu siku ya kwanza. Nakala yako igongwe muhuri, na upate namba ya lalamiko.

5. Taja kiasi, weka siku ya mwisho, na siku ikipita panda ngazi bila kugombana na mtu.

6. Andikeni kila gharama: nauli, fotokopi, riba.

7. Aliyebeba pesa za kikundi asiachwe kubeba lawama peke yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Je, risiti za kikundi chetu ziko wapi sasa hivi? Nani anaweza kuzitoa leo na zikasomeka?

Je, kuna lalamiko tulilolipeleka benki kwa mdomo na tunangoja? Nani ataandika barua, na lini?

Je, kuna mtu katika kikundi chetu ambaye tumemnong’ona bila kumuuliza mbele yake?

Swali hili la mwisho msiliruke. Kaeni nalo kidogo kabla ya kufunga mkutano. Atakayetaka msaada wa kuandika barua, mlango wa ofisi yetu uko wazi, aje na risiti yake na mwenzake mmoja.